Kazi ya Mchana Mmoja

Siku waliyomtoa Mzee Spana kwenye shimo la pampu, amelowa chepechepe, mguu wa kulia umegeukia upande ambao mguu wa binadamu haugeukii, watu wote wa mtambo wa maji walikimbilia shimoni isipokuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwendesha mitambo wa zamu, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ambaye hakuweza kuinuka kitini kabla hajazima pampu moja baada ya nyingine. Wa pili alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa mitandao, ambaye kazini walimwita Waya kwa kuwa hukumkuta bila mzingo wa waya begani. Waya alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuongozea mitambo, macho kwenye skrini ya dada yake. Kabla mtu hajauliza kimetokea nini, yeye alikuwa ameshajua.

Na kujua kwenyewe hakukuanza siku hiyo.

Mtambo ule ulisafisha maji ya mji mzima. Ulikuwa na pampu saba na valvu kumi na moja, kila kimoja na kompyuta yake ndogo ndani ya kabati la chuma, zote zimeungwa kwa waya mpaka kwenye meza ya mwendeshaji. Kompyuta hujuana kwa namba, namba ndefu zenye nukta katikati, ambazo hakuna mtu mwenye akili zake atakayekaa kuzikariri. Kwa hiyo kwenye skrini waliweka majina: pampu-tatu, valvu-mbili, na kadhalika. Mwendeshaji akibonyeza valvu-mbili, mashine yake kwanza huuliza: huyu valvu-mbili ni namba ngapi? Kuna seva ambayo kazi yake ni hiyo tu, kukaa na orodha ya majina na namba zake, na kuwajibu wanaouliza. Seva hiyo ilikuwa makao makuu, mji mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima kwa basi. Swali lilikwenda na jibu likarudi kabla hujapepesa jicho, ndiyo maana miaka yote hakuna aliyekumbuka kwamba kuna swali linaloulizwa.

Kisha virusi vikaingia kwenye kompyuta za mtambo mmoja wa mbali, vikazivuruga vibaya, na makao makuu wakatoa amri: kila mtambo ukate laini ya nje. Mtandao wa pampu ubaki peke yake, usisemezane na dunia.

Barua ilitua mezani kwa Mhandisi Mkuu. Huyu alikuwa mtu mrefu, nadhifu, shati lake halikuwahi kuonekana na mkunjo hata siku za kupasuka bomba. Kila aliyemwendea na shida au ombi alimjibu kwa neno moja, "Tutaona." Wafanyakazi walianza kumwita hivyo kwa siri, kisha si kwa siri sana, mpaka siku moja mfagizi akamuuliza katibu muhtasi wake, "Bwana Tutaona yupo?" na katibu akajibu, "Yupo kikaoni," na hakuna kati yao aliyeshtuka.

Waya alimfuata ofisini siku barua ilipofika.

"Bosi, laini ya nje tunaikata, hilo halina neno," alisema. "Lakini majina ya pampu zote yako kwenye seva ya makao makuu. Tukikata kabla ya kuweka seva yetu ya majina humu ndani, mashine zitakuwa zinauliza ukuta."

"Zitasimama?"

Waya alisita. Angesema ndiyo, mambo yangekwisha pale pale. Lakini hakuwa mtu wa kusema uongo kwenye mambo ya kazi. "Hazitasimama. Zina njia ya pembeni. Zikikosa jibu zinangoja, zinauliza tena, zinangoja tena, mwisho zinapaza sauti kwenye mtandao wa ndani ili mwenye jina ajitaje. Zitafanya kazi, ila kwa kuchelewa."

"Kwa hiyo zitafanya kazi."

"Kwa kuchelewa, bosi. Labda nusu dakika, labda zaidi. Nipe ile kompyuta ya zamani iliyolala stoo, na unipe mchana mmoja. Sihitaji kingine."

Mhandisi Mkuu aliikunja barua ya makao makuu mara mbili, akaipigapiga mezani. "Hawa wamesema kata. Hawakusema ongeza mashine. Nikianza kuongeza mashine kwenye mtandao nilioambiwa niufunge, wakiniuliza nitajibu nini? Wewe kata. Hilo la majina tutaona."

Waya akakata. Jumatatu, saa nne asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, aliuchomoa waya wa nje kwenye rauta, akauviringa, akaufunga kwa kamba na kuuweka kwenye droo. Hakuandika barua ya kuonya, wala ujumbe wa simu. Alijiambia kwamba bosi ataona mwenyewe mambo yakianza kukwama.

Siku ya kwanza hayakukwama, kwa sababu mashine zilikuwa bado zinakumbuka majibu ya jana yake. Siku ya pili majibu hayo yakachacha, na kukwama kukaanza.

Waya na Dada yake waliishi nyumba moja, nyumba ya Dada, vyumba viwili na jiko lenye dirisha la kuangalia ua. Dada alimzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemsuka Waya nywele za kwenda shule na kutia saini ripoti zake za mwisho wa muhula, na tangu hapo walizoea kuishi kama mama na mwana wanaogombana kama mashoga. Jioni ile ya siku ya pili, Dada alivua viatu, akanyoosha miguu juu ya kigoda.

"Skrini yangu siku hizi ni kama mtu aliyeamshwa usingizini," alisema. "Unaiambia kitu, inakutumbulia macho kwanza."

"Nimeshamwambia bosi."

"Akasemaje?"

"Unajua alichosema."

Wakacheka, tena kwa sauti, wakaendelea kula.

Wiki iliyofuata Waya alimkamata Mhandisi Mkuu koridoni akamkumbusha. Alikuwa anaongea na simu. Alimwinulia kidole kimoja, maana yake subiri, akaingia ofisini na kufunga mlango. Waya alikwenda stoo kujaribu bahati yake. Mtunza stoo akamwambia kompyuta ile pale, ichukue hata sasa hivi, leta tu karatasi yenye saini. Saini haikuwepo.

Alhamisi ya wiki ya tatu, saa sita mchana, Mzee Spana alikuwa shimoni. Alikuwa fundi bomba tangu mtambo unajengwa, na inasemekana kuna nati humo ambazo zilimsikiliza yeye tu. Alikuwa amebadilisha mpira wa kwenye kiungo cha bomba kubwa, amekaza nati nusu, na alitaka kuona kama panavuja kabla ya kumalizia. Akamwita Dada kwa redio ya mkononi.

"Mama, nifungulie valvu-mbili kidogo. Hatua moja tu."

Valvu ile hufunguka kwa hatua kumi. Kila mbonyezo, hatua moja. Dada akabonyeza. Taa ya kwenye skrini ikabaki kijivu.

"Bado," akasema Mzee Spana.

Dada akabonyeza tena. Siku hizo skrini ilikuwa na tabia ya kupoteza mibonyezo, au ndivyo alivyodhani, kama walivyodhani waendeshaji wote.

"Bado, mama."

Akabonyeza mara ya tatu, na ya nne. Kumbe hakuna mbonyezo uliopotea. Mashine ilikuwa inatafuta valvu-mbili ni nani, na mibonyezo yote minne ilikuwa imejipanga foleni nyuma ya swali hilo. Jibu lilipopatikana, ikatoka yote kwa mpigo. Valvu ikafunguka hatua nne, maji yakaja na nguvu ambayo nati nusu haziwezi, kiungo kikaachia, na mdomo wa bomba ukampiga Mzee Spana chini ya goti. Wenzake walipomfikia maji yalikuwa yamemfika kifuani.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, bado saa kumi haijafika, Dada akapewa barua. Alisimamishwa kazi kwa uzembe: alibonyeza kitufe mara nne alipoagizwa mara moja. Ilikuwa na saini ya Mhandisi Mkuu, na mhuri haujakauka. Waya aliisoma akiwa amesimama, akairudia. Mtu aliyeshindwa wiki tatu kutia saini karatasi ya stoo, hii ya ukurasa mzima aliipika kwa saa mbili.

Nyumbani Dada hakulia. Alisimama jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, kimoja kimoja, akivibwaga kwenye chano.

"Ulijua?" aliuliza bila kugeuka.

"Nilijua zinachelewa. Nilimwambia, mara mbili."

"Sikuulizi kuhusu yeye. Mibonyezo kujipanga foleni. Ulijua?"

Waya alikaa kwenye kiti. "Ningejua kama ningekaa chini nikafikiri. Sikukaa."

Dada akageuka, mikono inachuruzika maji. "Nimekaa kwenye kile kiti miaka kumi na minne. Ungeniambia, 'Dada, bonyeza mara moja halafu hesabu mpaka sitini,' ningehesabu. Ningewaambia wenzangu wote wahesabu. Sentensi moja. Tunakula meza moja mimi na wewe, tunagombania bafu moja. Ukamwambia mtu ambaye unajua hasikii, ukaona umemaliza."

"Dada..."

"Usiniite. Niache nimalize vyombo."

Katika yote hayo hakuna neno lililokuwa la uongo. Alilala na hasira mbili, moja ya Mhandisi Mkuu na moja yake mwenyewe, na hakujua ipi inamchoma zaidi.

Asubuhi, Ijumaa, alikwenda kazini amejiandaa kwa vita. Alikuwa amepanga la kusema, na sauti ya kulisemea. Lakini Mhandisi Mkuu ndiye aliyemwita, akamkaribisha kiti, akamuulizia hali ya dada yake kama mtu anayemuulizia mgonjwa asiyemhusu.

"Ile seva yako ya majina," alisema, akamsukumia karatasi. "Kompyuta iko stoo, nimeshasaini. Iweke leo leo. Wakaguzi wa makao makuu wanafika Jumanne, na ningependa wakute mambo yako sawa."

Waya aliiangalia saini ile. Wiki tatu aliitaka, na sasa imewekwa mbele yake, wino wa bluu, mkia wa herufi ya mwisho umepindwa kwa madaha. Ilimchukua muda kidogo kuelewa anaombwa nini. Akiiweka seva, kuchelewa kunafutika. Wakaguzi watabonyeza, skrini itajibu papo hapo, watasema mitambo ni mizima, na Dada atabaki na mibonyezo yake minne. Asipoiweka, mwendeshaji wa akiba amekaa kwenye kiti kile kile, na mafundi wengine watatu wameshatumwa shimoni kuondoa matope.

"Mbona kimya?" aliuliza Mhandisi Mkuu. "Si ulikuwa unaitaka?"

Kuna hasira ya kupiga kelele na kuna nyingine inayomfanya mtu awe mpole wa kuogofya. Waya aliichukua karatasi, akaikunja vizuri na kuitia mfukoni. "Itakuwa tayari leo, bosi," alisema. "Asante."

Hakwenda stoo. Kwanza aliteremka shimoni akawatoa mafundi watatu, akawaambia wakale, wasirudi mpaka awaite. Kisha alikwenda kwenye chumba cha kuongozea mitambo. Mwendeshaji wa akiba alikuwa mwanamume mpole wa karibu kustaafu, ambaye tangu jana yake alikuwa anakigusa kipanya kama mtu anayegusa pasi ili ajue kama ina moto.

"Kaka, nisaidie jambo," Waya alimwambia. "Una uhuru wa kukataa. Nataka tuulize hali ya kila pampu na kila valvu. Hatufungui wala hatufungi kitu, tunauliza tu. Wewe unabonyeza, mimi naangalia saa ya ukutani, tunaandika wote wawili na tunatia saini."

Mwendeshaji aliutazama mlango, akamtazama Waya. "Huyu aliyeko hospitali alinifundisha kazi," alisema. "Lete karatasi."

Mashine kumi na nane. Kila baada ya mashine chache walisubiri mpaka skrini isahau majibu iliyoyapata, wakaanza tena. Pampu-moja, sekunde arobaini na mbili. Pampu-mbili, arobaini na moja. Valvu-mbili, arobaini na mbili. Ni muda mrefu sana ukiwa umekaa kimya unautazama mshale. Katika valvu ya tano mwendeshaji aliweka kalamu chini akafuta jasho. "Na sisi tulikuwa tunajilaumu," alisema. Walipomaliza, Waya alinakili pia kumbukumbu za mashine zenyewe, ambazo huandika kila mbonyezo na saa yake, na kila amri iliyotoka na saa yake. Ya Alhamisi ilikuwepo: mibonyezo minne kwa nyakati nne, amri nne kwa sekunde moja. Aliitoa kwenye karatasi nakala tatu.

Ndipo akaenda stoo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na vumbi la miaka. Aliifungua, akaipuliza, akabadilisha feni moja iliyokuwa inalia kama mbuzi. Kwa vile mtandao haukuwa na njia ya nje, hakukuwa na cha kuvuta kutoka popote; programu zote alizileta kwenye diski aliyoikagua mara mbili kwa virusi. Saa nane mchana akakaa kuandika orodha. Jina na namba yake. Kisha orodha ya pili, ya kinyume, namba na jina lake, maana kuna mashine ambazo zikipigiwa huuliza, wewe mwenye namba hii ni nani, na zisipojibiwa nazo hununa. Namba hakuziamini zilizoandikwa kwenye jalada la zamani. Alizunguka kabati kumi na nane kwa miguu, akazisoma moja moja, na alifanya vizuri, maana pampu-sita ilikuwa imebadilishiwa kompyuta na jalada halikuwa na habari.

Akawasha. Haikujibu kitu.

Alirudia kusoma alichoandika mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Nusu saa nzima alikodoa macho, anajitukana kimoyomoyo, mpaka alipoiona: mwisho wa jina la seva alisahau kuweka nukta. Nukta moja. Bila nukta hiyo, mashine huhesabu kwamba jina halijaisha, ikaliongezea mkia wake yenyewe, na jina likawa la mtu asiyekuwepo. Akaiweka, akawasha upya, akaiambia kila kompyuta kwamba kuanzia sasa maswali ya majina yaulizwe hapa.

Akamfuata mwendeshaji wa akiba. Walirudia mashine zote kumi na nane kwa karatasi mpya. Safari hii mshale wa saa haukuwa na kazi. Pampu-moja alibonyeza, jibu hilo hapo. Mwendeshaji alifika valvu-mbili, akabonyeza, taa ikawaka kijani hata kidole hakijainuka. Hakufurahi. Alibaki anaitazama taa ile.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hii tu."

Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na nusu.

Jumanne wakaguzi walikuja watatu, wakiongozwa na mhandisi mwanamke mfupi, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Mhandisi Mkuu aliwapeleka kwanza kwenye skrini, akabonyeza mwenyewe, ikajibu. "Kama mnavyoona," alisema, "mitambo haina tatizo. Mwendeshaji aliagizwa hatua moja, akatoa nne. Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyo."

Walipoingia chumba cha mikutano, Dada alikuwa amekaa pembeni, ameitwa kujieleza, mikono juu ya mapaja. Tangu Alhamisi hakuwa amemsemesha mdogo wake zaidi ya "nipishe."

Waya aliomba nafasi, akaweka karatasi mezani: za kabla, za baada, na ya Alhamisi. Alieleza polepole. Mkaguzi mwenye miwani aliivaa, akasoma bila haraka, akiteremsha kidole kwenye safu ya dakika na sekunde. Alipofika kwenye amri nne za sekunde moja, kidole kikasimama.

"Hili uliliona lini?" alimuuliza Waya.

"La foleni, baada ya ajali. La kuchelewa, kabla hatujakata laini. Nilimwambia Mhandisi Mkuu mara mbili."

"Kwa maandishi?" alidakia Mhandisi Mkuu. "Naomba alionyeshe hilo andiko."

"Sikuandika," Waya alisema. "Nilisema kwa mdomo. Na waendeshaji sikuwaonya. Hayo mawili ni makosa yangu, yaandikeni."

Mhandisi Mkuu akaegemea kiti, uso wa mtu aliyevuka mto. Waya akatoa mfukoni karatasi ya stoo, akaiweka juu ya zile nyingine. Mkaguzi aliisoma, akaisogeza mbele ya Mhandisi Mkuu.

"Saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Ni ya Ijumaa. Siku moja baada ya ajali. Imeandikwa hapa kazi: seva ya majina." Alivua miwani. "Kama mitambo haikuwa na tatizo, hii kompyuta uliitoa ya nini?"

Mhandisi Mkuu alifungua mdomo. Alisema kuna maboresho ya kawaida. Akasema yalikuwa kwenye mpango. Mkaguzi akaomba auone mpango, akajibiwa utatafutwa. Dada alinyanyua macho akamtazama yule mtu kwa namna ambayo Waya hakuwahi kuiona, hata siku za utoto alipomvunjia kioo.

"Mzee wa watu alikuwa anasema 'bado, mama,'" Dada alisema. "Naisikia kila nikilala. Na wewe ulikuwa unanitengenezea barua."



Matokeo yalikuja baada ya mwezi. Dada alisafishwa, akarudishwa kazini, barua yake ikafutwa. Waya alipewa onyo la maandishi kwa kutowaonya waendeshaji, akalisoma akaona ni haki, akalitia kwenye faili lake mwenyewe. Mhandisi Mkuu ripoti ilimtaja kwa mafumbo, "mapungufu katika uratibu," na hazikupita siku kumi akahamishiwa makao makuu, kwenye ofisi yenye zulia, kuwa msimamizi wa usalama wa mitandao ya mitambo yote. Waya alipoipata habari hiyo alitoka nje, akalizunguka tangi kubwa mara tatu kwa hatua za haraka, akarudi kufanya kazi. Siku ile aliandika barua kwa wakaguzi, ya kurasa mbili, yenye tarehe zote, na nakala akaipeleka kwa chama cha wafanyakazi. Tangu hapo hakumwambia tena mkubwa jambo kwa mdomo tu.

Jumamosi moja, kabla hajarudi kwenye zamu, Dada alimwambia, "Vaa, twende kwa Mzee." Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote tangu usiku ule wa vyombo.

Mzee Spana alikuwa amesharudishwa nyumbani. Walimkuta kitandani, mguu umefungwa plasta mpaka pajani na kuinuliwa kwa mito. Walimwamkia, akawaitikia vizuri, akamwambia Dada asijisumbue kuomba radhi kwani ameshasikia. Waya hakukaa. Alisimama pale miguuni akamweleza yote: waya alioukata, swali ambalo mashine zilikuwa zinauliza, saini, sentensi moja ambayo hakumwambia dada yake.

Mzee alisikiliza akiwa ametazama dari.

"Hiyo seva," alisema mwishowe. "Kuiweka kulikuchukua siku ngapi?"

"Muda wa saa tatu na nusu, mzee. Nusu saa nilikuwa natafuta nukta."

"Saa tatu na nusu." Alilitafuna lile neno. Mkono wake uliokuwa juu ya shuka ulijikunja polepole ukawa ngumi, ngumi kubwa ya mtu aliyekaza nati maisha yake yote. "Nilidhani utasema miezi. Nilidhani ni kitu kikubwa, cha kuagiza nje, ambacho watu walishindwa."

"Hapana, mzee."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Nendeni, wanangu. Si kwa ubaya. Mtarudi siku nyingine. Leo nataka nikasirike peke yangu."

Walitoka, wakafunga mlango taratibu. Walitembea mtaa mzima, wakapita duka la vioo, wakapita fundi baiskeli. Dada alikuwa anatembea mbele hatua moja, kama alivyotembea enzi za kumpeleka shule. Kwenye kona akapunguza mwendo mpaka wakawa sawa.

"Keshokutwa naingia zamu ya asubuhi," alisema. "Kabla sijakaa kwenye kile kiti, nataka kila unachokijua kuhusu zile mashine ambacho hujawahi kuniambia. Chote. Hata unachodhani hakina maana."

"Ni vingi, Dada."

"Sina haraka. Na bado nimekukasirikia, usije ukajidanganya."

"Sijajidanganya."

"Basi anza."

Waya akaanza, na pampu-moja.